Mficha maradhi wa Kichina: Siku tabibu alipogeuka na kukimbia

Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wachina, ambao kwa misemo nao hawajambo, wana maneno manne yanayokaribia kabisa usemi huo: hui ji ji yi. Kwa tafsiri nyepesi ni kuficha ugonjwa na kumkwepa tabibu. Mke humwambia mumewe maneno hayo pale mume anapokohoa mwezi wa pili na hataki kusikia habari za hospitali. Wachambuzi wa uchumi huyatumia kwa kampuni inayoficha hasara zake. Kisa kilichoyazaa kimekuwa kwenye vitabu vya shule za China kwa muda mrefu, hivyo hata asiyejua mambo ya dawa anakijua.

Ukiyasikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani yanawahusu watu waoga wanaokimbia sindano. Lakini mtu wa kwanza kuambiwa hivyo hakuogopa sindano, na fedha za matibabu alikuwa nazo tele. Tena kwa siku 35 hakusikia maumivu yoyote mwilini. Zaidi ya hayo alikuwa na sababu yake, na ni sababu ambayo leo hii ukiisikia kijiweni au saluni utaitikia kwa kichwa.

Ziara nne

Kisa kimo katika maandishi ya Han Fei, mwanafalsafa wa mambo ya utawala aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo. Wahusika ni wawili. Wa kwanza ni Huan, mtawala wa dola dogo la Cai lililokuwa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Henan. Wa pili ni Bian Que, tabibu mwenye sifa kubwa kuliko wote katika China ya kale.

Siku moja Bian Que aliingia barazani kwa mtawala, akasimama kitambo akimtazama tu. Kisha akasema kwamba mheshimiwa ana maradhi, bado yako juu juu, pale ngozi inapokutana na nyama, na yasipotibiwa yatazama ndani. Huan akajibu kuwa yeye haumwi. Tabibu alipotoka, mtawala akawaambia waliokuwapo kwamba ndivyo walivyo matabibu: hupenda kumtibu asiyeumwa ili wapate sifa ya kuponya.

Zikapita siku 10. Bian Que akarudi, akasema ugonjwa sasa umeingia kwenye nyama. Huan hakumjibu, na tabibu alipoondoka mtawala alikuwa amekasirika. Siku 10 nyingine, tabibu akarudi tena: ugonjwa umefika tumboni, kwenye utumbo. Huan kimya, hasira zimezidi. (Sisi tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa imetokea kweli.)

Baada ya siku 10 zaidi, Bian Que alimwona mtawala kwa mbali, akageuka na kukimbia.

Huan akashangaa, akatuma mtu kumfuata na kumuuliza kulikoni. Tabibu akaeleza. Ugonjwa ukiwa kwenye ngozi, kukanda kwa maji ya moto kunatosha. Ukiwa kwenye nyama, sindano za jiwe zinaufikia. Ukiwa tumboni, ipo dawa ya kuchemsha. Ukishaingia kwenye uboho wa mifupa, hiyo ni kazi ya Siming, ambaye katika imani ya Wachina wa kale ndiye aliyeshika daftari la uhai na mauti ya watu, na tabibu hana la kufanya. Sasa umefika huko, ndiyo maana hana tena la kusema.

Siku tano baadaye mwili wa Huan ukaanza kuuma. Watu wakatumwa kumtafuta Bian Que kila mahali, naye alikuwa ameshakimbilia dola la Qin. Mtawala akafa.

Sehemu inayoumiza katika masimulizi haya ni mpangilio wa siku. Maumivu, yaani kitu ambacho wengi wetu tunakingoja ndipo tuende hospitali, yalikuja ya mwisho kabisa. Kila hatua ambayo ugonjwa ulitibika, mgonjwa alijiona mzima. Alipojisikia mgonjwa, hatua zote zilikuwa zimeshapita.

Na ile sababu yake? Kwamba daktari anatafuta wateja? Hakuna aliyeishi mjini ambaye hajawahi kuisikia. Ukienda unaumwa kichwa utatoka na vipimo vitano. Ukipima tu lazima wakukute na kitu. Wakati mwingine maneno hayo ni ya kweli, wapo watoa huduma wanaoandika vipimo visivyohitajika, na mgonjwa mwenye shaka ana haki ya kuuliza au kutafuta daktari wa pili. Huan hakufanya hata moja kati ya hayo. Hakuuliza ugonjwa umeonekanaje wala hakuita tabibu mwingine amwangalie. Shaka yake ilimfikisha kwenye hasira, ikaishia hapo.

Tarehe hazikubaliani

Wanaopenda historia wamekwishagundua kasoro. Mtawala Huan wa Cai anayejulikana kwenye orodha za wafalme alitawala kuanzia mwaka 714 hadi 695 kabla ya Kristo. Bian Que, ambaye jina lake halisi linatajwa kuwa Qin Yueren, anasimuliwa kumtibu kiongozi mmoja wa dola la Jin aitwaye Zhao Jianzi, aliyeishi miaka ipatayo 200 baadaye. Hawakuweza kukutana. Mwanahistoria Sima Qian alipokiandika kisa hicho upya katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alimweka mtawala mwingine, wa dola la Qi, na ziara akazipanga kila baada ya siku tano badala ya 10. Pengine Bian Que lilikuwa jina la sifa walilopewa matabibu kadhaa, kama ambavyo mtaani fundi yeyote hodari anaweza kurithi jina la fundi wa zamani.

Kwa Han Fei hilo halikuwa tatizo. Yeye hakuwa akiandika kitabu cha tiba. Sura yenye kisa hiki inafafanua mafundisho ya Laozi juu ya mambo makubwa yanayoanzia kwenye madogo, na kabla kidogo ya kumleta Bian Que anazungumzia tundu la mchwa linavyoweza kubomoa tuta refu la mto. Ni usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa mazingira ya watu wanaoishi kando ya mito inayofurika. Tabibu aliletwa kama mfano kwa watawala.

Tukirudi kwa Sima Qian, yeye ana maelezo mengine matamu kuhusu uwezo wa Bian Que. Anasema alipokuwa kijana akisimamia nyumba ya wageni, mzee mmoja wa ajabu alimpa dawa ya kunywa siku 30, na tangu hapo akawa anaona mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Kwa macho hayo aliona viungo vya ndani vya mgonjwa, ingawa mbele za watu alijifanya anapima mapigo ya mkono. Eksirei zaidi ya miaka 2,000 kabla ya eksirei. Ni hekaya, lakini inaonyesha watu wa kale waliliona tatizo lenyewe: ugonjwa ulio ndani na usio na dalili unahitaji jicho lisilo la kawaida, na mgonjwa anatakiwa kuamini jicho hilo kuliko anavyojisikia yeye mwenyewe. Hilo ni gumu kwa binadamu wa zama zozote.

Neno kwa neno

Misemo ya aina hii huitwa chengyu. Iko maelfu, na mingi ina maneno manne tu, kila neno likiwa na herufi yake moja. Wanafunzi wanaosoma Kichina katika Taasisi za Confucius za vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam hukutana nayo mapema na kulalamika mapema, kwa sababu ukijua maana ya kila neno bado hujajua maana ya msemo bila kisa chake. Huu una ugumu wa ziada: una ji mbili mfululizo. Ya kwanza sauti yake inapanda na maana yake ni maradhi. Ya pili sauti inashuka na maana yake ni kuepuka.

Neno la kwanza, hui, ndilo lenye uzito. Si kuficha kama mtu anavyoficha fedha chini ya godoro. Ni kuacha kutaja jambo kwa sababu ya heshima, hofu au mwiko. Katika China ya kifalme lilitumika hasa kwa majina. Jina alilozaliwa nalo mfalme halikuandikwa wala kutamkwa na raia, na mtoto hakutaja jina la baba yake. Inasimuliwa kuwa aina fulani ya kiazi kikuu kinachotumika kama chakula na dawa ilibadilishwa jina mara mbili, kwa sababu kila herufi ya jina lake la zamani iligongana na jina la mfalme. Msomaji wa huku hatashangaa sana: zipo jamii zetu ambazo hadi leo jina la mkwe halitajwi.

Kwa hiyo hui ji ni kuugeuza ugonjwa kuwa jina lisilotajwa. Hapo unaanza kuona kuwa msemo unawagusa hata wasiokuwa Wachina. Angalia VVU vilivyoingia mitaani kwetu: watu walisema fulani ana ngoma, amekanyaga miwaya, amepata umeme. Kila jina lilitumika, ila lenyewe. Saratani nayo katika familia nyingi bado ni uvimbe tu, au tumbo linamsumbua.

Ji ya maradhi imechorwa kwa alama ya ugonjwa na ndani yake kuna mshale. Wachina wa kale walikuwa na maneno mawili ya ugonjwa, ji na bing. Kamusi ya Xu Shen, iliyoandikwa karibu mwaka 100 baada ya Kristo, inaeleza bing kuwa ni ji iliyozidi. Ukirudi kwenye kisa cha Han Fei kwa lugha yake ya asili utakuta kitu ambacho tafsiri haikionyeshi: ziara ya kwanza Bian Que anasema mtawala ana ji. Kuanzia ya pili anasema bing. Tabibu alibadilisha neno, na mgonjwa hakusikia tofauti.

Ji ya pili, ya kuepuka, ina alama ya moyo chini yake. Yi ni tabibu au tiba. Herufi yake ya zamani ina chungu cha pombe chini, kwa kuwa dawa nyingi zililowekwa kwenye pombe. Kuna umbo jingine la kale ambalo mahali pa chungu pamewekwa alama ya mganga wa mizimu, ukumbusho wa enzi ambazo kazi hizo mbili zilikuwa bado hazijatengana.

Kisa ni cha Han Fei, lakini maneno yenyewe manne hayakutoka kwake. Aliyeyatia kwenye mkondo huo ni mwanafalsafa Zhou Dunyi, aliyeishi kati ya mwaka 1017 na 1073. Alikuwa akiwalalamikia watu wa zama zake wasiopenda kukosolewa, akawafananisha na mgonjwa anayeukumbatia ugonjwa wake na kumkwepa tabibu mpaka anakufa bila kuzinduka. Katika maandishi yake neno la kwanza lilikuwa hu, yaani kulinda, kuhifadhi, kama mtu anayelinda mali yake. Baadaye hui ikachukua nafasi. Inasikitisha kidogo, maana picha ya mtu anayeulinda ugonjwa wake usije ukaibwa na daktari ni kali kuliko ya mtu anayenyamaza.

Tangu Zhou Dunyi, msemo umekuwa ukitumika kwa makosa ya tabia na ya uongozi kuliko kwa ugonjwa wa mwili. Mao Zedong aliutumia Februari 1, 1942 huko Yan'an, akiwaambia wanachama wa chama chake kwamba aliyekosea anaweza kusaidiwa mradi asiufiche ugonjwa na kumkimbia tabibu. Miaka 61 baadaye nchi hiyo iliumwa kweli. Homa ya SARS ilianza kusini mwa China mwishoni mwa 2002, na mwaka uliofuata ilikuwa imefika Beijing huku idadi inayotangazwa ikiwa ndogo. Aprili 2003 daktari mpasuaji wa jeshi, Jiang Yanyong, aliandika barua kwa vyombo vya habari akieleza kuwa hospitali za jeshi alizozifahamu zina wagonjwa wengi kuliko wanaotajwa. Aprili 20, Waziri wa Afya na Meya wa Beijing waliondolewa, na takwimu mpya zikatolewa. Hadi ugonjwa unazimwa, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wameugua katika nchi mbalimbali na 774 walikufa. Han Fei angekuwa hai asingehitaji tena kisa cha Cai.

Mwili usiosema

Turudi nyumbani, kwenye mwili wa mtu mmoja. Wataalamu wa afya wanalitambua vizuri kundi la magonjwa yanayofuata ratiba ya Bian Que: yanaanza kimya, yanatibika yakiwa kimya, na yanapopiga kelele yameshaharibu mengi.

Shinikizo la damu, au presha kama wengi tunavyoiita, ndiyo mfano wa karibu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zilizotolewa mwaka 2021, watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Wengi hudhani presha ina dalili zake: kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Ukweli ni kwamba walio wengi hawasikii chochote kwa miaka. Mishipa inaumia taratibu, figo zinachoka, moyo unatanuka, na siku moja mtu anaamka upande mmoja wa mwili hausikii. Kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika chache, na zahanati nyingi wanacho.

Saratani ya mlango wa kizazi inakwenda polepole zaidi. Husababishwa karibu mara zote na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi huviondoa wenyewe bila kujua. Kwa wachache vinabaki, na chembe za mlango wa kizazi zinaanza kubadilika. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka mabadiliko hayo hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na VVU asiyepata dawa, miaka 5 hadi 10. Huan alipewa siku 30. Hapa mwanamke anapewa miaka, na katika miaka hiyo yote mhudumu aliyefunzwa anaweza kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe, na mara nyingi tatizo likatibiwa kwa kugandisha au kuchoma sehemu hiyo bila kulazwa. Kinachowarudisha nyuma wengi ni kile kitanda cha uchunguzi na aibu ya kukaa juu yake. Kwa wasichana ipo chanjo, ambayo Tanzania iliianza kwa nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Na kina baba wasijifiche nyuma ya habari za kina mama. Tezi dume ni eneo jingine la ukimya, na utani unaozunguka kipimo cha kidole umewafanya wanaume wengi wenye umri wa kupima waahirishe mwaka hadi mwaka. Kipimo cha damu kipo pia, na daktari ndiye wa kueleza kipi kinamfaa nani. Utani wenyewe si mbaya, ila unapokuwa ndiyo mazungumzo yote kuhusu jambo hilo, umeshakuwa hui.

Hapa inafaa kusema jambo kwa ajili ya wagonjwa. Msemo huu, kama mingi ya wanafalsafa, unamlaumu mwenye ugonjwa peke yake. Huan alifuatwa barazani kwake na tabibu bora wa nchi, mara tatu, bila kuombwa. Mama anayetembea nusu siku kufika zahanati akakuta dawa zimekwisha, au anayejua kuwa kipimo kitamgharimu ada ya mtoto, hawezi kuitwa mkwepa tabibu. Sima Qian mwenyewe aliorodhesha aina sita za wagonjwa wasiotibika. Wamo wenye kiburi wasiosikia, wanaoithamini mali kuliko mwili wao, na wanaomwamini mganga wa mizimu na kumkataa tabibu. Lakini wamo pia ambao mwili umedhoofu kiasi cha kutohimili dawa, na hao kosa lao haonyeshi. Kupenda fedha kuliko afya na kukosa fedha ya afya ni vitu viwili, ingawa mbele ya dirisha la malipo vinafanana.

Familia inapoficha kwa niaba yako

Kuna hui nyingine ambayo mgonjwa haifanyi yeye. Katika familia nyingi za Kichina, mzee akikutwa na saratani, majibu hupewa watoto, nao huamua asiambiwe. Imani ni kwamba habari mbaya huua kabla ya ugonjwa, na kwamba kuubeba mzigo huo ni wajibu wa watoto. Mwongozaji Lulu Wang aliitoa filamu ya The Farewell mwaka 2019 kutokana na jambo lililompata bibi yake mwenyewe, na watazamaji wengi wa Marekani waliona ajabu. Mtu wa Tanga au Mombasa hataona ajabu. Huku nako shangazi huitwa pembeni na daktari, kisha anarudi wodini akitabasamu.

Wanaofanya hivyo wanafanya kwa upendo, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba mgonjwa asiyejua anachoumwa hawezi kuchagua tiba, hajui kwa nini anatakiwa kurudi kliniki, na akipata nafuu kidogo anaacha dawa. Anafanywa kuwa Huan bila kutaka.

Wachina wana msemo mwingine wa kuweka kando ya huu, na ni wa zamani kuliko Han Fei. Mwaka 581 kabla ya Kristo, mtawala Jing wa dola la Jin alikuwa mahututi, akatuma kumwita tabibu kutoka Qin. Kabla tabibu hajafika, Jing aliota maradhi yake yamekuwa watoto wawili wanaoshauriana pa kujificha. Mmoja akapendekeza wakae juu ya sehemu iitwayo huang na chini ya iitwayo gao, mahali fulani kati ya moyo na kiwambo, ambapo hakuna sindano wala dawa itakayowafikia. Tabibu akafika, akamwangalia, akasema ugonjwa umekaa hapo hapo palipotajwa na hautibiki. Mpaka leo Mchina akisema ugonjwa umeingia gao na huang anamaanisha mambo yamekwisha.

Tofauti na Huan, Jing alimheshimu tabibu. Alimsifu kuwa ni bingwa, akampa zawadi nono na kumsindikiza arudi kwao. Alisikiliza vizuri kabisa, ila alikuwa amechelewa.

Bian Que naye hakuishia pazuri. Sima Qian anaandika kwamba mganga mkuu wa dola la Qin, aliyejua kuwa ufundi wake haufikii wa Bian Que, alituma watu wakamuua. Lakini kabla ya hapo kuna simulizi moja inayomhusu, iliyomo katika kitabu cha kale kiitwacho Heguanzi. Mtawala wa Wei alimuuliza: kwenu mko ndugu watatu na wote ni matabibu, nani hodari zaidi? Bian Que akamtaja kaka yake mkubwa, akafuatia wa pili, yeye akajiweka wa mwisho. Kaka mkubwa, alieleza, huutibu ugonjwa kabla haujapata umbo, kwa hiyo sifa zake haziendi nje ya nyumba yao. Wa pili huutibu ungali mdogo kama unywele, na sifa zake zinaishia kwenye kichochoro chao. Yeye anayetoboa mishipa, kunywesha dawa kali na kupasua ngozi, ndiye anayejulikana kwa watawala wote.

Jina la huyo kaka mkubwa kitabu hakikulitaja.